Aina za Rivabu kwa Wapiga Gita: Springi, Pleti, Holi Hadi Shima, na Venye Utachagua Bila Kuchoma

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna harusi fulani niliitwa kupiga gita ya lidi. Ukumbi mkubwa, paa ya mabati, sakafu ya simiti, kuta tupu. Wiki nzima nilikuwa nimejifungia kwa keja na pedali ya kukopa, nimeiweka kwa "holi," nobu zote zimefika mwisho. Kwa keja ilikuwa mbinguni. Unagusa noti moja tu, unaskia kama malaika wanakuitikia.

Sasa siku yenyewe. Wimbo wa kwanza ni benga moto wa kuingiza bibi harusi. Nikachapa. Msee wa kinanda akanigeukia akauliza, "Buda, hizo ni noti ama ni mvua?" Mpiga besi naye akaanza kutafuta wimbo umeenda wapi. Mzee wa bendi hakusema kitu. Alikuja polepole akicheza, akaweka kiatu juu ya pedali yangu, akaizima, akarudi mahali pake. Hapo hapo gita ikaskika. Mashangazi wakainuka.

"Kijana," aliniambia baadaye tukila pilau, "huu ukumbi ulikuwa na mwangwi wake tayari. Wewe ulikuwa unaongeza mwingine wa nini?"

Hilo swali ndilo limenifunza rivabu kuliko video zote nimewahi kucheki. Rivabu ni chumba. Ukiwasha pedali, umechukua gita yako ukaiingiza kwa chumba kingine. Kwa hivyo kabla ujue aina, jiulize mambo mawili: tayari niko kwa chumba gani, na noti zangu zinakimbia aje? Ukishika hayo, aina zote tunazopitia hapa zitakuingia kichwani bila stress.

Rivabu ni nini hasa?

Piga makofi ndani ya bedsitter yenye godoro, makochi na pazia nzito. Unaskia kofi, imeisha. Sasa piga kofi hiyo hiyo kwa ngazi za ploti saa sita usiku, alafu utoroke kabla keateka atoke. Ile sauti inabaki ikining'inia nyuma ya kofi ndiyo rivabu.

Watu wengi wanachanganya rivabu na dilei. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukisimama mita 17 kutoka kwa ukuta mkubwa na upige kelele, sauti inaenda na kurudi kwa sekunde 0.1 hivi, na unaiskia mara ya pili, peke yake. Huo ni mwangwi, na kwa gita tunauita dilei. Lakini ndani ya chumba, kuta, sakafu na dari zote zinarudisha sauti kwa wakati mmoja, mara maelfu, zimekaribiana hadi sikio linashindwa kuzihesabu. Unaskia mkia mmoja mrefu. Dilei inarudia noti. Rivabu inaipa noti mkia.

Mtu wa kwanza kupima huo mkia kisayansi ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, Marekani. Mwaka wa 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa masomo ambao wanafunzi hawakuwa wanaskia mwalimu akisema nini, juu kila neno lilikuwa linakanyaga lile linalofuata. Sabine akabeba mito ya viti kutoka kwa jumba lingine, akaipanga ndani, akipima usiku kukiwa kimya. Akapata kwamba ukubwa wa chumba na vitu laini vilivyomo ndani ndivyo vinaamua mkia utaishi sekunde ngapi. Hadi leo mkia unapimwa hivyo: ni sekunde ngapi zinapita hadi sauti ishuke desibeli 60.

Shika hiyo ya vitu laini, juu binadamu pia ni laini. Ukumbi ukiwa mtupu wakati mnajaribu vyombo, mkia ni mrefu. Watu wakijaa na makoti yao, mkia unakatwa. Ndio maana saundi ya saa nane mchana haifanani na ya saa tatu usiku.

1. Springi

Hii ndiyo rivabu ya gita kabisa. Iko ndani ya ampu nyingi za zamani, na ukifungua nyuma utaipata chini: kaboksi ka chuma kamefungwa skrubu, ndani springi mbili ama tatu nyembamba. Umeme wa gita unatikisa springi upande huu, mtikiso unasafiri, unagonga mwisho, unarudi, na upande wa pili kuna kifaa kinaugeuza tena kuwa umeme. Hiyo tu. Hakuna kompyuta.

Wazo la springi lilitoka kwa mambo ya simu, mainjinia wa Bell Labs wakitaka kuiga venye sauti inachelewa kwa laini ndefu. Laurens Hammond akalichukua akaweka kwa ogani zake. Kampuni ya Fender ikatoa boksi la springi la kusimama peke yake mwaka wa 1961, na 1963 ikatoa Vibroverb, ampu yake ya kwanza yenye springi ndani. Mwaka huo huo Twin Reverb ikafuata. Dick Dale na wenzake wa muziki wa sefu kule California wakaishika springi wakaifungua hadi mwisho, na ndio ile saundi ya majimaji unaskia kwa gita zao.

Inaskika aje? Ina kaukali, ina "boing" kidogo ukigonga noti kwa nguvu. Haijifanyi ukumbi wa kweli. Na ukiangusha ampu ama uipige teke, inanguruma kama radi. King Tubby kule Jamaica alikuwa anaigonga makusudi ndio radi iingie kwa dabu.

Itumie kwa: rege (ile mikato ya gita kwa ofubiti inakaa fiti sana hapa), bluzi, rumba ya polepole, zilizopendwa. Anza na nobu ikiwa tatu kwa kumi.

Chunga: ukipiga haraka na kwa nguvu, zile boing zinajazana. Na ampu ya springi usiiweke juu ya spika ya besi, itatikiswa ianze kulia yenyewe.

2. Pleti

Shika bati jipya kabla fundi aliweke kwa paa, liachie lining'inie, uligonge na kidole. Umeskia venye linaimba? Pleti ni hiyo, lakini imefanywa na watu serious.

Kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa EMT 140 mwaka wa 1957. Ni karatasi ya chuma ya kama mita 2 kwa mita 1, unene wa nusu milimita, imeninginizwa na springi kwa fremu ndani ya boksi kubwa la mbao. Kifaa kimoja kinatikisa chuma, vingine vinasikiza mtikiso. Ukitaka kukata mkia, unasogeza ubao mwingine karibu na chuma uzime mtikiso. Mzigo wote ulikuwa na uzito wa kama kilo 270. Hiyo si kitu unaweka kwa matatu ukienda gigi, kwa hivyo ilikaa studio. Leo pedali ndogo kama sabuni ya kufulia inaiga saundi hiyo.

Inaskika aje? Laini, inang'aa juu, na inaanza mara moja. Chumba cha kweli kina kanafasi kadogo kabla kuta zirudishe sauti. Pleti haina, mkia unatokea papo hapo ukiwa umejaa. Ndio maana haikuambii uko mahali gani. Inafanya tu noti ikae tajiri.

Itumie kwa: solo yenye noti ndefu, arpejio, balada, na kurekodi. Ukirekodi gita na sauti ya mtu, zote mbili zikipita kwa pleti moja zinakaa kama familia.

Chunga: huo mng'ao wa juu ukikutana na gita yenye trebo kali unaweza kutoboa masikio. Punguza toni.

3. Chemba

Kabla ya pedali, studio zilikuwa na chumba kitupu chenye kuta ngumu. Unaweka spika ndani, unaweka maiki mbali kidogo, unacheza wimbo, maiki inarekodi chumba. Mwaka wa 1947, Bill Putnam, injinia wa Chicago, alitumia choo cha studio kama chemba kwa wimbo "Peg o' My Heart" wa kikundi cha Harmonicats. Ndio, choo. Wimbo ukavuma Marekani mzima.

Lakini ile ya wapiga gita ni ya Duane Eddy. Studio yao kule Phoenix, Arizona, haikuwa na chemba. Prodyusa wake Lee Hazlewood akatafuta tanki kubwa la maji la galoni 2,000, yaani kama lita 7,500, wakaliweka nje ya studio. Spika upande mmoja, maiki upande mwingine. Hapo ndipo gita nzito ya "Rebel Rouser" ya 1958 ilipata ule ukubwa wake. Kwa hivyo ukiangalia matanki yamejaa juu ya mafleti za mtaani, jua hayo ni studio imelala.

Inaskika aje? Iko kati ya rumu na holi. Nzito, imejaa, haina mng'ao wa pleti.

Itumie kwa: melodi ya noti chache kwa nyuzi nene, rok ya zamani, na ukitaka gita ikae kubwa bila kuwa mbali.

Chunga: inajaza nafasi ya besi na ngoma. Mpiga besi akikuangalia vibaya, ni hii.

4. Rumu

Hii inaiga chumba cha kawaida. Mkia ni mfupi, mara nyingi chini ya sekunde moja. Watu wengi wanairuka juu haina swagga: ukiiwasha unaona ni kama haijafanya kitu. Lakini ukiizima ndio unagundua gita imekauka kama mkate wa juzi.

Rumu ndiyo rafiki wa kweli wa msee anapiga haraka. Wacha tufanye hesabu. Wimbo wa mwendo wa 120 kwa dakika una bati moja kila nusu sekunde. Ukigawa kila bati noti nne, noti moja inakaa sekunde 0.125. Sasa weka holi yenye mkia wa sekunde 3. Hiyo inamaanisha ukipiga noti, zile 24 zilizotangulia bado ziko hewani zinaongea. Benga ni gita inayoongea na mwimbaji, inajibu, inarukaruka juu ya nyuzi nyembamba. Skiza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz: kila noti inaskika imesimama peke yake. Ukizika hiyo lugha chini ya noti 24 zingine, umebakisha kelele. Ndiyo mvua niliulizwa siku ya harusi.

Itumie kwa: benga, sebene, fanki, ridhimu ya aina yoyote, na kufanya mazoezi na hedifoni ndio masikio yasichoke.

Chunga: ukiongeza sana inakuwa saundi ya bafu. Kidogo inatosha.

5. Holi na kanisa

Hapa tunaingia kwa majumba. Holi inaiga ukumbi wa muziki uliojengwa kwa hiyo kazi. Ule wa Boston, Symphony Hall, uliofunguliwa 1900 kwa hesabu za yule Sabine, una mkia wa karibu sekunde 2 watu wakiwa ndani, na hadi leo unahesabiwa kati ya kumbi bora duniani. Pedali zingine zina pia "kanisa" ama "kathidro," ambapo mkia unaenda sekunde tano, sita na zaidi.

Inaskika aje? Mbali na kubwa. Mkia unakuja polepole, sehemu ya juu inafifia kwanza, inabaki joto ya chini. Pedali nyingi zinaweza pia kuutikisa mkia kidogo, hiyo wanaiita modi, na inaupa uhai.

Itumie kwa: kodi ndefu (siyo ya landilodi) za kuabudu, intro, sehemu ambapo bendi imenyamaza na uko peke yako na mwimbaji.

Chunga: hii ndiyo inachoma watu wengi zaidi, mimi nikiwa shahidi. Kwa keja yenye godoro inaskika tamu juu chumba hakina mkia. Ukiipeleka kwa ukumbi wa mabati, sasa uko na kumbi mbili, moja ndani ya ingine. Na kama msee wa mitambo ameweka rivabu yake kwa spika kubwa, ziko tatu. Muulize kabla.

6. Shima

Hii ni holi lakini mkia unapandishwa oktavu moja juu, alafu unarudishwa ndani tena, unapandishwa tena. Unapiga kodi, baada ya kasekunde unaskia kama vayolini ama kwaya imeingia nyuma yako. Brian Eno na Daniel Lanois ndio wanajulikana sana kwa kuijenga saundi hii studio kwenye miaka ya 80, na walipofanya kazi na U2 kuanzia 1984 ikakutana na gita ya The Edge.

Leo shima imeteka makanisa. Ukienda ibada ya vijana Nairobi na kuwe na gita ya umeme, wakati pasta anaanza kuomba kwa sauti ya chini, hiyo hewa unaskia inapanda polepole nyuma yake, mara nyingi ni shima.

Itumie kwa: noti moja ndefu, kodi mbili, na uvumilivu.

Chunga: usipige ridhimu juu yake. Pia oktavu inapandisha hata noti mbaya, kwa hivyo ukikosea, kosa lako linaenda mbinguni pamoja na maombi.

7. Geti

Hapa mkia mkubwa unakatwa ghafla, kama mlango umefungwa kwa nguvu. Ilianza na ngoma. Kule Townhouse Studios London, injinia Hugh Padgham na Phil Collins waliiweka kwa albamu ya tatu ya Peter Gabriel, iliyotoka 1980. Mwaka uliofuata dunia nzima ikaiskia kwa ile ngoma ya "In the Air Tonight."

Kwa gita inakupa ukubwa bila matope. Piga kodi moja ya mkato, iskike kama imepigwa kwa uwanja, alafu kimya. Iko poa kwa popu yenye ladha ya miaka ya 80 na kwa fanki.

Chunga: geti haina huruma. Ukipiga nje ya taimu, kila mtu anajua, juu ile mikato inasimama wazi kama jino la dhahabu.

8. Rivasi

Mkia umegeuzwa. Badala ya kuanza kwa nguvu na kufifia, unaanza chini unavimba, alafu unakatika. Kevin Shields wa My Bloody Valentine alitumia rivasi ya mashine ya Yamaha SPX90 kutengeneza ule ukuta wa gita unaoyumba, na albamu yao "Loveless" ya 1991 ndiyo watu huenda kuskiza wakitaka kuelewa.

Itumie kwa: kurekodi, intro za ajabu, filamu fupi za maboyz wa kamera.

Chunga: noti inaskika imechelewa. Laivu na bendi utapotea. Hii wacha ibaki kwa keja hadi uizoee.

Na hii dijitali ni nini?

Utaskia watu wakisema "rivabu ya dijitali" kama vile ni aina ya tisa. Zii. Dijitali ni njia ya kutengeneza, siyo chumba. Manfred Schroeder wa Bell Labs ndiye alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 60 kwamba kompyuta inaweza kuunda mkia kwa hesabu. EMT wakatoa mashine ya EMT 250 mwaka wa 1976, Lexicon wakafuata na 224 mwaka wa 1978, zote za studio zenye doh. Boss wakaileta kwa mguu na pedali ya RV-2 mwaka wa 1987. Ndio maana leo pedali moja inaweza kuwa springi, pleti, rumu, holi na shima. Zote zinaigwa na chipu moja.

Kuna njia ingine inaitwa konvolusheni. Mtu anaenda kwa jengo la kweli, anacheza mlio maalum, anarekodi venye jengo linajibu, alafu kompyuta inaipa gita yako majibu hayo hayo. Kwa kurekodi ni noma. Kwa laivu, holi ya kawaida inatosha.

Zile nobu zinafanya nini?

Miksi: ni kiasi gani cha rivabu kinachanganywa na gita kavu. Kwa bendi, anza robo kurudi chini. Kama unaskia rivabu yenyewe wakati bendi inapiga, imezidi. Inafaa uiskie tu ukiizima.

Dikei: urefu wa mkia. Siri ndogo: piga kodi moja mwanzo wa wimbo, hesabu bati. Mkia ukiwa umeisha kabla ubadilishe kodi, uko sawa. Ukiwa bado unalia ndani ya kodi ya pili, punguza.

Pre-dilei: kanafasi kati ya noti na mkia. Weka milisekunde 20 hadi 40, noti inatoka kwanza ikiwa safi, chumba kinafuata nyuma. Kama unapenda holi lakini unapoteza noti, cheza na hii kabla ya kukata miksi.

Toni: inaondoa ukali ama uzito wa mkia. Mkia wenye besi mingi ndio unafanya matope. Kama pedali yako inaweza kukata besi ya mkia, ikate bila kuuliza.

Pedali ikae wapi?

Kawaida rivabu inakaa mwisho kabisa: wawa, distoshoni, korasi, dilei, rivabu, ampu. Sababu ni rahisi. Kwa maisha ya kawaida gita inalia kwanza, chumba kinajibu baadaye. Ukiweka rivabu kabla ya distoshoni, unachoma chumba chote pamoja na gita, na mkia unakuwa kelele nene. Kuna watu wanafanya hivyo makusudi wakitaka huo ukuta, lakini usifanye kwa bahati mbaya.

Kama distoshoni yako inatoka ndani ya ampu yenyewe, angalia nyuma. Ukiona mahali pa "send" na "return," chomeka rivabu hapo, ndio ipite baada ya distoshoni. Kama ampu haina, tumia rivabu kidogo sana ukiwa kwa chaneli chafu.

Na ukikutana na ampu yenye springi yake na pia uko na pedali, chagua moja. Chumba ndani ya chumba tulishaongea.

Nichague gani kama niko na chapaa kidogo?

Usikimbilie zile kubwa za nobu 12. Tafuta pedali moja yenye springi, pleti, rumu na holi, na yenye nobu tatu: miksi, dikei, toni. Hizo nne zitakubeba kwa karibu kila gigi utaitwa. Kabla ulipe, ijaribu ukitumia gita yako na, kama inawezekana, ampu yako. Ipige haraka na polepole. Alafu iweke kwa miksi ya chini kabisa uskie kama bado inaongeza kitu. Pedali nyingi zinaskika poa zikiwa zimejaa. Ile ya maana inaskika poa ikiwa kidogo.

Kwa ufupi, mtu wangu:

Benga na sebene: rumu fupi, ama kavu kabisa kama ukumbi una mkia.
Rege na dabu: springi.
Rumba ya polepole na zilizopendwa: springi ama pleti.
Kuabudu: holi wakati wa kodi, shima wakati wa maombi, zote chini.
Rok ya solo: pleti.
Fanki na popu ya 80: rumu ama geti.
Kurekodi mambo ya ajabu: rivasi.

Mimi siku hizi nikifika mahali pa gigi, kitu cha kwanza si kufungua begi. Nasimama katikati ya ukumbi napiga kofi moja. Nahesabu. Kama kofi inaisha mara moja, nafungua pedali. Kama inabaki hewani moja, mbili, najua chumba kimeshanifanyia kazi bure, pedali inabaki imezimwa.

Yule mzee wa bendi aliniita tena, miezi kadhaa baadaye. Ukumbi mwingine, zulia chini, pazia nzito kila ukuta. Nikapiga kofi langu, ikaisha hapo hapo. Nikamwangalia, akatingisha kichwa. "Leo washa," akasema.

Nikaweka rumu, miksi chini ya robo. Hakuna mtu aliuliza kuhusu mvua.